Lucban: Pahiyas na nani anaongoza mji

Je, Pahiyas ya Lucban, mji wa jimbo la Quezon nchini Ufilipino, ni sherehe ya kanisa au ya halmashauri? Asili yake ni shukrani ya wakulima kwa San Isidro, mtakatifu mlinzi wa wakulima, kila Mei 15. Nyumba zinazopambwa ni zile zilizo kwenye njia ya maandamano ya sanamu ya mtakatifu, na njia hiyo hubadilishwa mwaka hadi mwaka ili kila mtaa upate zamu.

Pambo kuu ni kiping, utando mwembamba wa mchele wenye umbo la jani. Mchele husagwa, ukachanganywa na maji na rangi, ukapakwa kwenye jani bichi lisilotoboka, ukapikwa kwa mvuke. Ukishapoa hubanduliwa taratibu, kisha hukandamizwa chini ya kitu kizito usijikunje. Ukipaka mzito mno hupasuka ukikauka. Ukiwa mwepesi mno huchanika kwenye kubandua. Mvua ndiyo adui mkubwa, maana huulainisha wote. Baada ya sherehe hukaangwa na kuliwa.

Kwa upande wa utawala, sheria ni ile ya serikali za mitaa ya 1991. Meya ndiye mtendaji. Naibu wake huongoza baraza lenye madiwani 8 wa kuchaguliwa. Muhula ni miaka 3, na mtu hashiki zaidi ya mihula mitatu mfululizo. Chini yao kuna barangay 32, yaani mitaa yenye uongozi wake, kila moja na kapteni wake na wajumbe 7.

Na ukisoma historia ya mji, usimruke Hermano Pule, kiongozi wa kidini mzaliwa wa hapo. Udugu wake wa kidini ulikataliwa, akauawa 1841.