Maswali ya Wasomaji: Askari Wakongwe wa Mezani

Barua nyingi za safari hii zinahusu sanamu ndogo za askari za miaka ya 1960 hadi 1980, zile tulizoanza nazo mchezo wa vita mezani. Tunajibu nne.

SWALI: Ndugu wahariri, nimerithi askari wa madini ya risasi wa enzi za Napoleon, wenye urefu wa milimita 25, waliokaa miaka mingi kwenye droo ya mbao. Baadhi wana unga mweupe miguuni na rangi inabanduka. Je, ni ukungu? Niwaoshe kwa siki?

JIBU: Siki hapana, hata tone moja. Huo si ukungu. Ni kabonati ya risasi, yaani askari wenyewe wanageuka unga. Kinachowala ni mvuke wa asidi, hasa asidi ileile iliyomo kwenye siki, unaotoka kidogo kidogo kwenye mbao (mwaloni ndio mbaya kupita zote), kwenye kadibodi na kwenye baadhi ya gundi. Mvuke huo ukikutana na unyevu na hewa ya ukaa ndani ya droo iliyofungwa, risasi huanza kuliwa. Na asidi yenyewe haiishi kazini: risasi ikishageuka kabonati, asidi huachiliwa na kwenda kuanza upya pembeni. Kwa hiyo tatizo huenea hata kama hakuna kilichoongezwa ndani ya droo. Unga nao huchukua nafasi kubwa kuliko madini uliyotokana nayo, ndiyo maana rangi huinuliwa kutoka chini kabla hujaona cheupe chochote.

Leo hii watenge walioathirika na uwatoe wote kwenye droo hiyo. Unga ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na barakoa, na usiukwangue wala kuupiga msasa ukiwa mkavu. Chovya mswaki laini kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, sugua mpaka ufike kwenye madini imara ya kijivu, suuza haraka, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa na hewa ya uvuguvugu. Usiwaloweke, risasi tupu haipendi kukaa majini. Futa meza kwa karatasi mbichi, uifunge kwenye mfuko na kuitupa, na vyombo ulivyotumia visirudi jikoni. Waache siku nzima, kisha praima (rangi ya msingi), rangi na vanishi.

Vanishi itapunguza kasi tu. Kinga yenyewe ni makazi yao: boksi la plastiki ya polipropilini au kabati la chuma, pamoja na pakiti za silika jeli zinazokaushwa au kubadilishwa mara kwa mara. Sifongo za kupakia vitu nazo usiziamini. Wakague kila baada ya miezi mitatu, ukianzia kwenye beneti na vifundo vya miguu, kwani sehemu nyembamba ndizo hutangulia kuisha.

Kifundo kilichokatika hakishikwi na supaglu peke yake. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu lakini haivumilii kugongwa, na askari wa mezani hugongwa daima. Toboa kwa kekee ndogo ya mkono ya milimita 0.8, kina cha milimita 3 mguuni na 3 kwenye kitako (kibao anachosimamia askari), tia kipande cha waya wa shaba na uunge kwa gundi ya epoksi. Zungusha kekee polepole na uitoe mara kwa mara kuondoa vumbi. Risasi laini huinata na kekee hukatikia ndani.

SWALI: Nimepata kikosi kizima kilichopakwa zamani kwa rangi za enameli zinazong'aa. Nivue rangi yote nianze upya?

JIBU: Kama rangi imeshika, tunakusihi usiivue. Rangi bapa zisizo na vivuli, vanishi ya kung'aa na kitako cha kijani ndivyo majeshi mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalivyoonekana, na mkono uliopaka hauwezi kurudishwa ukishafutwa. Osha kwa sabuni laini, ziba palipobanduka, pitisha vanishi mbili nyembamba. Askari wenye uwazi ndani wa W. Britain, kampuni ya Uingereza, waliotolewa kuanzia 1893, hao wasiguswe kabisa: bila rangi ya kiwandani thamani yao huporomoka.

Ikiwa rangi ni nene kiasi cha kufunika nyuso na vifungo, tumia asetoni kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, madirisha wazi, mbali na moto, kwa saa moja au mbili, kisha mswaki. Lakini kagua kwanza. Sanamu za kampuni ya Citadel za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 husimama kwenye kitako cha plastiki chenye mfereji, na wengi wana ngao za plastiki. Asetoni huyeyusha vyote viwili. Ving'oe kabla. Ukitumia Dettol badala yake, suuza kwanza kwa Dettol nyingine safi. Maji yakitangulia, rangi iliyolegea hugeuka utomvu unaonata kila mahali. Kostiki soda iache, kwa sababu hushambulia risasi.

SWALI: Askari wa kampuni ya Airfix wa plastiki laini: kila nikipaka, rangi inapukutika kwenye mikuki na bunduki. Nakosea wapi?

JIBU: Plastiki hiyo, polithini, haishikani na karibu kitu chochote, inapindika wakati enameli iliyokauka haipindiki, na juu yake kuna mafuta ya kutolea kwenye kalibu. Waoshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, suuza, kausha. Mikuki iliyopinda ichovye kwenye maji ya moto sana, inyooshe, kisha iingize mara moja kwenye maji baridi. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha usiku mzima, halafu rangi za akriliki tabaka nyembamba, na umalize kwa gundi hiyohiyo kabla ya vanishi. Gundi hiyo hubaki na unyumbufu na kuifunga rangi kama ngozi. Gundi ya kawaida ya modeli haitaunga mkono uliokatika; hapo pia waya ndio jibu. Na waweke mbali na jua, kwani polithini iliyochomwa na jua huvunjika ukiigusa tu.

SWALI: Naweza kuchanganya sanamu za milimita 25 za zamani na za 28 za sasa?

JIBU: Kwenye kikosi kimoja, hapana. Tofauti kubwa haiko kwenye urefu bali kwenye vichwa, viganja na bunduki, ambavyo kwa sanamu za sasa ni vinene. Vikosi tofauti kwenye meza moja vinapatana vizuri, hasa ukiinua wale wa zamani kwa kadi ya milimita 2 chini ya kitako na kutumia rangi na mchanga uleule kwenye vitako vyote.