Boti ya mfano ya faiba: rangi inabanduka na kuna ufa

Pole ndugu. Umesema rangi inabanduka kama ganda la kitunguu na kuna ufa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Inaelekea nta ya kalibu, ile inayopakwa ili boti isigande kwenye kalibu inapoundwa, bado imeganda juu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa kwa asetoni (kiyeyushi cha mafuta na nta), ndipo upige msasa namba 240 mpaka mng'ao wote uishe. Ukianza na msasa, nta inazama kwenye mikwaruzo.

Ufa uzibe kwa ndani: kwangua kwa msasa namba 80, bandika matabaka mawili ya kitambaa cha faiba kwa epoksi (resini ya kuchanganya sehemu mbili), yavuke ufa sentimita 2 kila upande. Usitumie resini ya poliesta juu ya epoksi, haishiki vizuri. Mimi nilifanya hivyo, kiraka changu kikang'oka majini.

Vaa barakoa na glavu. Kifua kikibana, acha kazi, muone daktari.