Mtambo wa umeme ukiletwa kijijini kwenu: tuliyoyaona sisi

Tangu kijiji chetu cha pwani, kaskazini mwa Pemba, kiupinge mpango wa kujengwa mtambo wa umeme wa mafuta karibu na ufukwe, watu wa shehia nyengine wamekuwa wakiniuliza tulianzia wapi. Nilikuwa katibu wa kamati tuliyoiunda, na karatasi karibu zote zilipita mikononi mwangu. Haya nawaandikia wale ambao jambo hili limewafika sasa.

Mtaambiwa hamtaki umeme. Maneno hayo huja mapema, na yakiachwa bila jibu yanawaganda. Pemba hii watu wazima wanakumbuka maisha ya majenereta kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuwashwa mwaka 2010, na ndugu zetu wa Unguja hawajasahau kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mtu aliyebeba ndoo za maji kichwani kwa sababu pampu hazina umeme hawezi kuuchukia umeme. Barua yetu ya mwanzo ilianza kwa kusema tunauhitaji, ila hatukubali uzalishwe pale, kwa namna ile. Maofisa waliokuwa wameshajiandaa kutuita wapinga maendeleo walilazimika kuisoma mpaka mwisho.

Sasa suala la mikutano, maana hapa ndipo tulipoumizwa. Mkutano wa kwanza uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana. Mtu wa pwani anaelewa nasema nini: saa hiyo maji yamekupwa, na wanawake wote wako chini kwenye mwani. Waliokaa kwenye mabenchi ya skuli walikuwa wanaume, tena si wengi. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, watu wakaandika majina na kutia saini, nauli ikagaiwa, tukatawanyika. Miezi baadaye tulipopata nakala ya ripoti ya mradi, karatasi ile ile tuliikuta nyuma, na juu yake pamechapwa kichwa kipya: wananchi walioridhia mradi. Herufi za kichwa hicho hazifanani na zile za mistari ya chini. Mzee mmoja asiyejua kusoma aliitambua alama ya dole gumba lake, akauliza pale juu pameandikwa nini. Aliposomewa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilikwenda kusikiliza tu."

Kwa hiyo kila anayetia saini aandike pembeni, kwa mkono wake, "nimehudhuria tu", na asiyejua kuandika aandikiwe na mwanawe mbele ya watu. Karatasi ipigwe picha kwa simu kabla haijatoka ukumbini. Na kataeni mkutano wa asubuhi ya bamvua. Ombeni kwa barua ufanyike maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana, baada ya sala ya Alasiri, wanawake wapate kuja. Kwetu, mkutano wa pili uliofanyika hivyo ulikuwa kitu chengine kabisa, kwa sababu waliosimama kuuliza ndio wanaoijua bahari ile.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya mwaka 2015, inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira na upate cheti cha ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, kabla ya ujenzi. Iombeni ripoti yenyewe, nzima. Muhtasari wa kurasa chache hautoshi. Yetu ilikuwa ya Kiingereza, nene, na walimu wa skuli waligawana sura, kila mmoja akaisoma yake kwa Kiswahili barazani baada ya Isha. Tulichokitafuta zaidi ni maji ya kupozea mashine: yatavutwa wapi, yatamwagwa wapi, na yatarudi baharini yakiwa na joto kiasi gani. Hapo ripoti ilikuwa na mistari miwili tu.

Wakulima wa mwani hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza uzito wa mistari ile. Kottonii, mwani wenye bei nzuri, hauvumilii joto. Maji yakizidi kupata moto matawi yanageuka meupe, yanakatika, unabaki na kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, mkononi. Wengi walishauacha, wakabaki na spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Ukiongeza maji ya moto ya mtambo juu ya bahari ambayo tayari inawachosha, unawaondolea hata hicho kidogo.

Halafu kuna fidia. Mwenye mikarafuu au minazi anaweza kuhesabiwa miti yake akalipwa, hata kama ardhi kwa sheria ni ya umma. Mwenye vigingi vya mwani hana hati ya kipande chake cha bahari, na kwenye jadweli la fidia hakuonekana kabisa. Dada zetu wakafungua daftari: jina, idadi ya kamba, kilo zilizouzwa kila bamvua, na risiti za mnunuzi zimebandikwa humo. Daftari lile, kwa maoni yangu, lilifanya kazi kuliko hotuba zetu zote. Msingojee mwekezaji aje ndipo mlianze.

Vyama viwekeni mbali. Pemba jambo likishavaa rangi ya chama, nusu ya kijiji inaliacha siku hiyo hiyo. Kamati yetu ilikuwa na watu wa pande zote, na hakuna aliyeruhusiwa kuja na kofia wala kanga ya chama. Vijana wanaotaka ajira nao wasiitwe wasaliti, wana haki ya kutaka kazi. Waulizeni pamoja mbele ya mwekezaji: kazi gani, za muda gani, na zimeandikwa wapi?

Ripoti ya mradi wa kwetu ilirudishwa ikafanyiwe kazi upya, na mpaka naandika haijarudi. Mkihitaji wa kuwasaidia kuandika barua, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina wasaidizi wa sheria majimboni. Na kila barua mnayoipeleka, iwe kwa sheha, kwa mkuu wa wilaya au kwa mwakilishi wenu, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala mnayobaki nayo.