Msiiamini Taa ya Kijani: Kwa Mafundi Wapya wa Vituo vya Usajili

Wiki iliyopita nilipita kwenye kituo kimoja cha usajili kabla ya milango kufunguliwa, nikamkuta kijana wetu, mwenye miezi miwili kazini, amesimama mbele ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike kwenye kompyuta, akiitazama taa yake ya kijani kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi, huku jenereta bado ikinguruma nje. Kwenye ekstensheni ileile iliyolisha visomaji vya alama za vidole zilichomekwa simu 9, na kando yake birika la umeme lilisubiri chai ya saa nne. Sikumgombeza, kwa kuwa nilijiona mimi mwenyewe wa zamani, ila niliporudi nyumbani nikaketi kuandika haya.

1. Pigeni hesabu ya wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kutoa. Betri ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumieni nusu tu, kwani ikizoea kukaushwa itakufa kabla ya mradi kwisha. Kompyuta mpakato 4 zinazokula wati 40 kila moja huimaliza nusu hiyo kabla ya saa 4 kutimia, na hapo hamjahesabu kinachopotelea ndani ya inveta. Kuhusu birika la wati 2,000 sina la kusema; atakayelichomeka atatununulia chai mwezi mzima.

2. Taa ya kijani. Hapa naomba mnivumilie.

Nilikuwa fundi pekee wa kituo chenye meza 5, katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ambako wengi wa waliopanga foleni walitoka Kongo na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Betri zilichajiwa usiku kwa jenereta. Asubuhi mita ikasoma volti 13.1, taa ikawa kijani, nikatia sahihi kwenye daftari. Aliyenifundisha kazi alikuwa ameniambia mara mbili, nami nikaitikia mara mbili, kwamba betri iliyotoka kwenye chaji sasa hivi husema uongo: volti zile za juujuu hushuka ikipumzika, nzima iliyojaa ikatulia kwenye 12.7 hivi, na mbovu hujulikana ikitwishwa mzigo. Sikuitwisha. Tena inveta ilikuwa na tabia ya kulia volti zikishuka, kelele ikamkera karani wa meza ya kwanza, nami kwa ukarimu nikakiziba king'ora chake kwa utepe mweusi. Na meza ya tatu ilikuwa na kompyuta ambayo betri yake ya ndani ilishakufa, nikaipitisha kwa maneno mawili yanayoniaibisha hadi leo: "Inveta ipo."

Saa nne kasoro dakika kumi aliketi kwenye meza hiyo mama mmoja mzee, ambaye jembe lilikuwa limemsugua vidole hata mistari ikafifia. Alivipangusa kwa kitambaa chenye maji, akavikausha kwenye kitenge, akabonyeza. Kioo kikakataa, akaanza upya. Nilipiga magoti kando yake nikikituliza kidole gumba chake kwenye kioo, nikisema, "Mama, pole pole," na baada ya zaidi ya robo saa kidole cha kumi kikakubali. Karani akasogeza kishale kuelekea kitufe cha kuhifadhi. Skrini ikazimika, feni ya inveta ikanyamaza. Utepe wangu ulikuwa umefanya kazi yake barabara: hakuna aliyesikia kilio.

Mama akakitazama kioo, kisha vidole vyake, akauliza, "Mwanangu, ni mimi nimeharibu?" Nilimwambia hapana, ni mimi. Nadhani hakuniamini, kwa sababu alipokuja kesho yake alikuwa amevipaka vidole mafuta ili visiiumize mashine yetu, na kuyaondoa mafuta hayo kulituchukua muda mrefu kuliko usajili wenyewe.

3. Kisomaji kikizimika katikati ya kazi, msikimbilie kusakinisha programu upya: tundu la USB 2.0 huahidi miliamp 500 tu, na baadhi ya skana za mboni za macho huhitaji zaidi, kwa hiyo kagueni kebo kwanza.

4. Pawabenki ya miliamp-saa 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74, na baadhi yake hujizima zenyewe kisomaji kinapolala.

5. Paneli za sola. Jua letu la ikweta halina hila. Hila iko kwenye mwembe, kwani kivuli cha tawi moja kwenye kona chaweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Niliwahi kuhangaika asubuhi nzima na kidhibiti chaji, nikabadilisha waya na fyuzi, kabla ya kuzunguka nyuma ya hema na kukuta suruali ya mlinzi imeanikwa juu ya paneli. Alinieleza kwamba hapo hukauka upesi, na kwa hilo alikuwa na haki.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilimwomba azime jenereta, awashe meza zote kwa dakika kumi, kisha anisomee mita. Ikasoma volti 11.4, na taa bado ni ya kijani. Alinitazama, akainama, akaanza kuchomoa simu moja moja, ya kwanza ikiwa yake mwenyewe.