Unakesha na bado unapata C-? Tazama unavyojibu swali

Mdogo wangu, umesema unakesha na daftari, kila ukurasa umeupiga mistari ya rangi, na bado Kiswahili kinakupa C- katika mitihani ya majaribio kabla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Mimi nafundisha tuisheni ya jioni hapa Likoni, Mombasa, na madaftari yenye rangi kama lako nayaona kila muhula. Wewe si mvivu wala huna kichwa kigumu. Unasoma notisi, husomi maswali.

Chukua hili: "Tofautisha sauti ghuna na sighuna (alama 2)." Wanafunzi wangu wengi, tena wazuri, huandika kwamba ghuna ni /b/, /d/, /g/, na sighuna ni /p/, /t/, /k/. Yote kweli, ila hiyo ni mifano tu. Tofauti yenyewe haijatajwa. Alama ziko kwenye nyuzi za sauti: ukitamka ghuna zinatetemeka, ukitamka sighuna hazitetemeki. Weka kidole kooni useme /z/, kisha /s/, utahisi mwenyewe.

Kwa hivyo tafuta kitenzi cha swali kabla hujashika kalamu. Ukiambiwa taja, taja upite. Ukiambiwa fafanua, toa hoja na maelezo yake. Tofautisha inataka pande zote mbili kwa kigezo kimoja. "Eleza muktadha wa dondoo hili" kwa alama 4 inataka msemaji, msemewa, mahali na sababu, basi. Ukianza kusimulia riwaya tangu sura ya kwanza, unajichosha bure. Na muhtasari ukiwekewa idadi ya maneno, yahesabu.

Kisha tazama alama zenyewe. Karatasi ya pili ina 80, na 40 kati ya hizo ni matumizi ya lugha. Sasa wiki nzima umeimaliza kwenye isimujamii (matumizi ya lugha katika jamii) yenye 10, kwa nini?

Kuhusu kusoma: soma mada, funika daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufunue usahihishe kwa kalamu nyingine. Inaudhi, najua, maana mapengo yanaonekana yote. Rudia kesho yake, usingoje mwezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, baadaye kasi inapungua. Wanafunzi wangu wanaovuka kwa feri huulizana maswali wakisubiri kupanda, bila kitabu mkononi, na wapita njia huwatazama kama waliopagawa.

Haya yote hayahitaji tuisheni (nasema hivyo na ndiyo inayonilipia kodi). Tafuta karatasi za miaka ya nyuma pamoja na miongozo ya kusahihishia. Jifungie kwa muda uleule wa mtihani, na mwongozo umpe mamako akuwekee hadi umalize.