Kabla hujachangisha pesa za mifugo, zipe jina

Kila wiki napata meseji mbili tatu za watu wanataka kuchangisha pesa ya kufuga, mara kuku, mara mbuzi, juzi dadangu mmoja wa Likoni kaniuliza kama afungue grupu la wasapu, atie watu mia mbili, atume namba yake ya M-Pesa basi angoje. Nilimjibu kwa voisi ndefu mpaka simu ikaniishia chaji, nikaona afadhali niandike mara moja hapa, manake mimi mara ya kwanza nilifanya hivo hivo na iliniumiza sana.

Mimi nafuga Utange, huku juu ya Bamburi, kwa kipande cha ardhi cha mamangu. Si shamba kubwa. 2022 nilikuwa na ng'ombe watatu wa gredi, hawa wa maziwa, na mbuzi kumi na moja, na mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa, mvua imekataa msimu baada ya msimu, matete yamekauka mpaka shinani, beli la nyasi kila nikienda kununua bei ni nyengine. Maziwa yakashuka kutoka lita 22 kwa siku mpaka 9. Na hapo hapo ng'ombe wangu mkubwa, Zawadi, akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe wa kupe.

Asubuhi nilimkuta kasimama pembeni peke yake, hataki kula, masikio yameanguka. Nikampapasa chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama limau, ngumu, na mwili wamoto. Siku ya pili akaanza kukohoa. Siku ya tatu povu jeupe likawa latoka puani na kila akivuta pumzi waisikia mpaka nje ya banda. Daktari alikuja siku ya nne kwa sababu siku ya kwanza sikuwa na pesa ya kumwita, na usiku ule ule Zawadi akafa, na mimba ya miezi saba tumboni.

Jirani yangu ndo alieniambia, mwanangu sema, watu wakujua, wamekunywa maziwa yako miaka. Nikaandika kwa magrupu matatu, la mtaa, la wazazi wa shule na la jamaa. Siku nne zikaingia 46,000. Nililia wallahi, sikujua watu wanipenda vile.

Sasa sikizeni. Kuna mzee mmoja wa hapa mtaani alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, hii yangu elfu tano niiweke wapi? Ni sadaka, ni mkopo, ama tuko kwa biashara?" Nami nikamjibu, yoyote tu mzee wangu, Mungu atakulipa. Jibu hilo ndo lililoniharibia kila kitu. Miezi miwili baadae mmoja akadai zake arudishiwe. Mwengine alikuwa ajua atapata mbuzi wa Idi kubwa. Mama mmoja alietoa mia tatu yake ya sadaka akasikia kuna mtu apewa maziwa ya bure kwa sababu alitoa elfu mbili, akaumia moyo, na ana haki. Na mimi siwezi kumuonyesha mtu chochote, manake pesa ziliingia kwa laini yangu ya kila siku, zimechanganyika na karo ya watoto na tokeni za stima. Sikula hata shilingi lakini siwezi kuthibitisha. Kuna watu waliacha kupita njia ya kwangu.

Kwa hivo ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote usisahau huu: pesa ya mtu ipe jina kabla haijaingia. Siku hizi mimi nina majina matatu na mtu achague mwenyewe.

Sadaka ni sadaka, hairudi, na nasema wazi itanunua nini. Si "kusaidia shamba", hapana, nasema ni beli 30 za nyasi ama ni bati za banda. Zikipatikana nyingi kuliko nilivyoomba nauliza waliotoa zifanye kazi gani, siamui mwenyewe.

La pili ni maziwa ya kulipia mbele, na hili ndo lililoniokoa. Mtu alipa leo lita 20 ama 30, achukua pole pole kila siku lita ama nusu, nami napata pesa nzima ya chakula cha ng'ombe wakati nyasi bado ni rahisi, yani baada ya masika, si kungoja kaskazi imekausha kila kitu ndo nikimbizane na lori. Ramadhani ikikaribia hawa wa mbele wajaa wenyewe kwa sababu wajua mwezi ule maziwa yagombaniwa. Lakini usichukue pesa ya lita zaidi ya unazokamua. Mimi nachukua nusu tu ya ninachokamua siku ya kawaida, nusu nyengine nauza pesa mkononi, ili ng'ombe mmoja akiumwa watu wa mbele bado wapate.

La tatu ni ubia wa mbuzi. Mtu anunua jike, nalifuga mimi, watoto twagawana, wa kwanza wake wa pili wangu. Wazee wetu wamefanya hivi toka zamani na kwa Waislamu wengi hapa yawapa utulivu kwa sababu hakuna riba, faida yetu sote na hasara yetu sote. Mkopo wa kuongeza juu mimi siuchukui kabisa. Mbuzi abeba mimba miezi mitano kwa hivo mwenzako hangoji sana, ila muandikiane mapema akifa inakuwaje. Mimi nimeandika hivi: akifa kwa ugonjwa na daktari aliitwa, hakuna deni, akifa kwa sababu nilizembea, nalipa. Mkionea haya kuliandika hilo siku mbuzi akiwa mzima mtalisema kwa ugomvi siku amekufa.

Kuhusu pesa zenyewe, nunua laini nyengine, iwe ya shamba tu. Mimi na kina mama wenzangu tulienda zaidi, tukasajili kikundi, sheria ya vikundi ya 2022 yataka watu wasiopungua 10, tukafungua akaunti ya kutoa kwa sahihi za watatu. Ni kazi, mara picha mara kopi za vitambulisho mara kurudi kesho, lakini mtu akijua siwezi kutoa pesa peke yangu hata usingizi wake ni mwengine. Na daftari. La karatasi, laning'inia kwa msumari hapo mlango wa banda, mtu akija kuchukua maziwa hulifungua mwenyewe aangalia.

Kitu chengine, watu wakikuchangia usikimbilie kuongeza ng'ombe. Najua ndo picha nzuri ya kuposti, ng'ombe mpya na utepe shingoni, lakini ng'ombe mpya kwa banda lile lile lenye kupe ni kumpeleka akafe. Pesa ya kwanza ni maji, chakula na afya. Sisi mchango wa pili hatukununua mnyama hata mmoja, tulinunua tangi, nyasi na chanjo ya ndigana.

Hii chanjo nataka niikalie kidogo kwa sababu ningeijua mapema Zawadi angekuwa hai. Ndigana yaletwa na kupe, na ukiona tezi zimevimba ushachelewa nusu ya safari. Kumbe chanjo iko, ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, miaka ya 70, siku hizi yatoka Malawi. Ndama achanjwa mara moja tu, siku hiyo hiyo adungwa na dawa ya kumkinga ugonjwa usimzidi, avishwa hereni ya sikio, na kinga yake ni ya miaka. Kuoga dawa ya kupe bado lazima, kupe waleta na mengine. Shida ya chanjo ni kwamba yawekwa kwa mtungi wa baridi kali sana, yaja kwa mrija mdogo, na mrija mmoja ni wa ng'ombe 30 mpaka 40. Ukishafunguliwa lazima uishe kwa masaa machache. Sasa mwenye ng'ombe wawili kama mimi ataita daktari amfungulie mrija mzima? Haiwezekani. Ndo maana mfugaji mdogo peke yake haipati, si kwamba ni mjinga, ni hesabu tu haimkubali. Mchango wetu ulilipia ndama wa watu wasio na pesa ili idadi itimie, na kwa kutimia wenye pesa pia wakapata. Mtu akiniuliza mchango wa mtaa una faida gani namuelezea huo mrija.

Mabaya pia yaseme, na yaseme siku ile ile. Mwaka jana mbuzi wa ubia wa jirani mmoja muuza samaki alikufa akizaa, na watoto wote wawili. Nilitetemeka kumpigia. Nilimpigia kabla hata hatujamfukia, nikamtumia picha na karatasi ya daktari, nikamwambia bibi nimejaribu. Akanyamaza, halafu akaniambia, "Ya Mungu hayo mwanangu, nimeshukuru umeniambia wewe sikuambiwa na watu." Hakutoka kwa ubia, Idi ilipopita akaniletea pesa ya jike mwengine, zimefungwa kwa leso zanukia samaki.

Na kama wauza maziwa ya kulipiwa mbele waambie watu wachemshe, kila siku waambie, hata wakichoka kukusikia. Kuna homa ya maziwa mabichi, burusela, yamkaa mtu miezi viungo vyamuuma hajui ni nini.

Yule mzee wa elfu tano nilimrudia. Nilienda kwake mwenyewe baada ya alasiri, nikamwamkia, nikamwambia mzee leo nina jibu la swali lako. Akataka iwe maziwa ya mbele. Sasa kila asubuhi mjukuu wake aja na kibirika, na mzee mwenyewe Ijumaa ndo aja kukagua daftari, avaa miwani, apita na kidole mstari kwa mstari, na kuna siku alinikuta nimesahau nusu lita.

Kwa sasa twakusanya ndama wa kuchanjwa kabla ya vuli. Tuna 27. Kama uko Utange, Kiembeni ama Mwakirunge na una ndama wa kutoka mwezi mmoja na ni mzima, hata awe mmoja tu, njoo asubuhi wakati wa kukamua tumuandike, na kama huna pesa yote njoo vilevile, twahitaji idadi.