Nusu milimita iliyonirudishia vipande 40

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Jinja, anayechonga picha kwa leza kama mimi, aliniandikia: "Kaka, nikiweka duara liwe maski ya picha, yaani umbo la kuficha kila kilicho nje yake, picha inachongwa ndogo kidogo kuliko kipimo nilichoandika. Niuze mashine?" Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Swali hilo liliwahi kunila shilingi 600,000.

Ilikuwa kazi ya mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mkazi wa Bombo. Alitaka kumbukumbu za wenzake 40: sura ya kila mmoja ichongwe kwa leza kwenye plaiwudi ya milimita 3, ikatwe duara, ipachikwe ndani ya pete ya shaba yenye kipenyo cha milimita 80. Duara nililichora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nikaandika 80, nikalipeleka LightBurn, programu inayoendesha leza. Duara hilohilo ndilo lililokuwa maski, na ndilo lililokuwa mstari wa kukatia. Nilichoma usiku kucha kwa sababu mchana umeme ulikuwa unakatika. Asubuhi nikafunga mzigo bila kujaribu hata kimoja kwenye pete. Ndiyo, hata kimoja. Nilijiona fundi.

Mzee alirudi siku ya pili. Akashika pete, akaitikisa karibu na sikio langu. "Kijana, hii inacheza kama jino la mtoto."

Nikamwambia, "Afande, nipe siku mbili." Hakunipa. Kazi ilikwenda kwa jamaa mmoja wa Nasser Road hapa Kampala, ambaye mpaka leo tukikutana ananiuliza habari za jino.

Sasa sikilizeni ujinga niliofanya baada ya hapo. Nilipima kipande, nikapata 79.3. Sikuwaza mara mbili: nikaingia kwenye mipangilio ya mashine nikaiambia ikuze kila kitu kwa karibu asilimia 1. Vipande vikatoka sawa, nikapiga kifua. Mwezi uliofuata nikachonga rula za sentimita 30 za shule fulani, zikatoka ndefu kwa zaidi ya milimita 2. Rula! Mwalimu alinitazama kama mwizi wa mizani.

Mashine haikuwa na kosa, na maski pia haikuwa na kosa. Mwongo alikuwa mchoro wangu. Mstari wa lile duara ulikuwa na unene wa nusu milimita, na Inkscape, usipoibadilisha, hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake. Kwa hiyo 80 niliyoandika ilihesabiwa kutoka ukingo wa nje wa wino. Leza haijui wino. Inafuata katikati ya mstari, na katikati ilikuwa 79.5. Maski ikakata picha hapohapo. Kisha moto wenyewe ukala njia yake ya milimita 0.2, nusu upande huu na nusu upande ule, nikabaki na 79.3. Dawa ya kosa la kwanza, lile la unene wa mstari, ni kuingia kwenye mapendeleo ya Inkscape na kuchagua kipimo cha umbo lenyewe badala ya kile cha kuonekana, au kuchora duara moja kwa moja ndani ya programu ya leza. La pili, lile la moto, unalimaliza kwa kukuza mstari wa kukata tu ili kipenyo kiongezeke kwa upana wa njia ya moto, nusu kila upande; maski usiiguse.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Jinja, kabla hujashika bisibisi, chora mraba wa milimita 50 ndani ya programu ya leza, ukate, upime kipande na tundu lake kwa kalipa, kile kipimio cha taya kinachosoma hata sehemu za milimita. Kipande kikiwa 49.8 na tundu 50.2, wastani ni 50, mashine yako nzima. Rudi kwenye mchoro. Halafu itazame picha yenyewe: leza haichomi weupe, na sura iliyopigwa mbele ya ukuta mweupe itaonekana imepungua hata kama maski imekaa barabara. Kingo zikiwa na meno, mstari mmoja umesogea kulia na mwingine kushoto, hilo ni suala la mwendo wa kwenda na kurudi. Punguza kasi uone. Na ukichoma kwa 254 DPI, yaani mistari 254 kwa kila inchi, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni milimita 0.1, basi usidai usahihi zaidi ya huo kwenye picha.

Tatizo letu mafundi wa Kampala ni kwamba mashine ndiyo mkosaji wa kwanza kila siku. Mashine ya Mchina, mkanda umelegea, umeme mdogo. Kalipa inauzwa mjini, wengi wetu tunapima kwa rula ya mtoto wa shule halafu tunalalamikia nusu milimita. Nunueni kalipa. Jaribuni kipande kimoja kabla ya arobaini. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi hakuna aliyenisemea.

Vile vipande 40 bado viko kabatini. Nilitaka tuvitumie kuwekea vikombe vya chai, mama watoto akakataa kabisa: hatuwezi kuweka chai ya moto juu ya nyuso za wazee wa watu.